Daktari wa Meno Amekwenda Likizo

Gego bovu la binti yangu lilikuwa la chini, upande wa kulia, nyuma kabisa. Mama yake aliliona siku moja alipokuwa akimsuka nywele, mtoto akapiga mwayo. Alimshika kidevu, akamgeuza kwenye mwanga wa mlangoni, kisha akaniita.

"Njoo uone shimo hili. Punje ya mahindi yaweza kuingia ikalala."

Nikachungulia. Lilikuwa shimo kweli, jeusi pembeni, na ufizi wake umevimba kidogo. Binti yetu alikuwa na miaka minane, ndiye mtoto pekee tuliyekuwa naye wakati huo, na hilo halikuwa jino la utoto. Likitoka halirudi.

Ilikuwa miaka ya themanini, na tulikuwa tukiishi Marereni. Nilikuwa mtu wa pampu kwenye mashamba ya chumvi. Kazi yangu ilikuwa kuyaingiza maji ya bahari madimbwini na kuyahamisha kutoka dimbwi moja hadi jingine, kadiri jua lilivyozidi kuyapunguza, mpaka yafike dimbwi la mwisho yakiwa mazito kama uji mwepesi. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, na miongoni mwa wenzangu nilihesabiwa msomi.

Muuguzi wa zahanati alimwambia mke wangu tumpeleke mtoto Malindi kabla ya Krismasi. Wakati wa sikukuu, alisema, watoto hutafuna vitu vitamu kutwa nzima, wanalala bila hata kusukutua, na jino bovu halingoji wageni waondoke. "Likianza mkiwa huko kwenu bara, mtakuwa na kazi." Mke wangu alinirudia maneno hayo kama alivyoyasikia. Na kwa kuwa mimi ndiye niliyekuwa nikienda mjini kununua vitu vya sikukuu, akanikabidhi mtoto.

Sikumwambia kwamba ninaogopa. Mwanamume wa umri wangu angeanzaje kusema hivyo? Lakini nilipokuwa mdogo kwetu Ganze, baba yangu mdogo alinitoa jino kwa koleo alilokuwa akitengenezea baiskeli. Mtu mmoja alinikalia miguuni, mwingine akanikumbatia kichwa. Jino lilivunjika. Wakarudi kulitafuta lililobaki. Mpaka nimekuwa mtu mzima, nikisikia harufu ya grisi ya baiskeli ulimi wangu ulirudi nyuma wenyewe. Kwa miaka mingi nilikuwa nikitafuna upande mmoja tu, ili nisije nikalazimika kuketi kwenye kiti cha daktari.

Basi siku hiyo tulifika hospitalini mapema, mimi na binti yangu, tukaketi kwenye benchi pamoja na watu wengine walioshika mashavu. Alikuwa amevaa gauni lake la kanisani kwa sababu tulikuwa tumekuja mjini. Alikuwa akibembeza miguu. Hakuwa na hofu yoyote. Mlango ulikuwa umefungwa, na nyuma yake kulikuwa na mlio wa vyuma vikiwekwa juu ya sinia. Kisha mwanamume mzima, sauti nzito, akalia humo ndani. Hakupiga kelele ndefu. Alisema "Mama!" mara moja tu, halafu kimya.

Nilihisi mikono ya mtu kichwani mwangu. Mlango ulipofunguliwa, yule bwana akatoka akiwa na pamba mdomoni, na mhudumu akatuita sisi. Nilisimama, nikamshika mtoto mkono, nikatoka naye uani.

"Baba, zamu yetu," alisema.

"Watu ni wengi leo."

"Lakini wametuita."

"Twende tukanywe soda."

Aliniangalia usoni. "Baba, unaogopa?"

"Niogope nini? Twende."

Nikamnunulia soda. Nikamnunulia na tofi, na pakiti kubwa ya mabuyu, yale mekundu yaliyochovywa kwenye sukari, ya kumpelekea yeye na binamu zake. Naona mpaka leo vidole vyake vilivyokuwa vyekundu. Tulipokuwa tukingoja gari la kurudi, nilimwambia, "Mama akiuliza, tutasema daktari wa meno amekwenda likizo."

"Amekwenda likizo?"

"Ndiyo. Ni siri yetu mimi na wewe."

Akacheka. Alipenda sana siri. Mama yake alipotuuliza pale mlangoni, yeye ndiye aliyejibu, kabla yangu, tena kwa sauti ya kuaminika kuliko yangu: "Daktari wa meno amekwenda likizo!"

"Hata wao wana Krismasi," mke wangu akasema kwa masikitiko, akaingia kuweka chai.

Baada ya siku chache jino likaanza. Alikuwa akishika shavu, akilia kwa sauti ndogo. Hapo ndipo nilipofanya jambo ambalo nadhani ni sisi tu watu wa chumvi tungeweza kulifanya. Kazini tulikuwa tukiamini kwamba maji ya dimbwi la mwisho yanatibu kila kitu: kidonda cha mguu, upele, koo, hata ulevi wa jana. Tulikuwa tukiyachota kwa chupa kama watu wengine wanavyochota mafuta ya taa. Nikaleta chupa moja nyumbani, nikamwambia asukutue asubuhi na jioni. Alitapika mara ya kwanza, maana yalikuwa machungu ajabu. Lakini alisukutua. Na siku ya tatu au ya nne, maumivu yakakoma. Yakakoma kabisa.

Nilijisifu. Nilikwenda kazini nikawasimulia wenzangu.

"Kumbe siku hizi bwana pampu ni daktari wa meno!" mmoja akanitania.

"Jino limenyamaza lenyewe. Chumvi yetu hii, acheni mchezo."

"Basi nijazie chupa nimpelekee mama mkwe. Pengine naye atanyamaza."

Tukacheka sana. Sikujua, na hakuna hata mmoja wetu aliyejua, kwamba jino likinyamaza hivyo ni kwa sababu limekufa, na kwamba uozo ukishamaliza jino unatafuta pa kwenda.

Tulikwenda Ganze kwa mama yangu siku mbili kabla ya Krismasi. Mwaka huo mvua za vuli zilikuwa zimetupa kitu kidogo, mahindi yalikuwepo, na nyumba ilijaa watoto wa ndugu zangu. Pakiti ya mabuyu ilifunguliwa hata kabla hatujaketi. Kwa siku zile mbili watoto wote walikuwa na midomo myekundu, ndimi nyekundu, mate mekundu yametapakaa mchangani. Ndiyo maana hakuna aliyeona kwamba binti yangu alikuwa akitema damu.

Niliona jambo moja tu. Tulikuwa tukila mihogo, naye alikuwa akitafuna upande wa kushoto, polepole, kama nilivyokuwa nikitafuna mimi. Nikainama. "Jino linauma?"

Akaweka kidole mdomoni kunionyesha ninyamaze, akamtupia mama yake jicho upande wa pili wa sinia, kisha akatabasamu kidogo. Nami nikatabasamu. Nilidhani ni mchezo wetu unaendelea. Mungu anisamehe, nilifurahi kwamba mwanangu anajua kutunza siri.

Asubuhi ya Krismasi shavu lilikuwa limejaa. Kanisani alilala mapajani mwa mama yake. Pilau ilipoandaliwa hakuigusa. Mama yangu alimwita, akamgusa chini ya taya kwa mgongo wa mkono.

"Huyu ana mdudu wa jino," alisema. "Nileteeni matunda ya mtunguja. Tutamfukiza moshi, mdudu atoke."

"Mama, mambo ya moshi yamepitwa na wakati," nikamwambia mbele ya watu wote. "Hakuna mdudu. Mimi nitamtibu kwa njia ya kisasa."

Na njia yangu ya kisasa ilikuwa nini? Nilichukua chumvi niliyokuja nayo kutoka Marereni, nikaikaanga kikaangoni mpaka ikaanza kuruka, nikaifunga kwenye kitambaa, nikamkandia shavu. Alivumilia. Kila iliponiwia moto mkononi nilijiambia joto linavuta ugonjwa nje. Nilimkanda mchana huo, nikamkanda tena jioni.

Asubuhi yake nilitoka nje nikamkuta ameketi kwenye mkeka. Hakutaka kulala. Shingo yake ilikuwa haipo. Kutoka taya hadi chini ya kidevu ilikuwa kitu kimoja, kigumu, kinang'aa. Alikuwa ameinamisha kichwa mbele, mdomo wazi, na mate yalikuwa yakimtiririka kwenye gauni, maana hakuweza kuyameza. Ulimi ulikuwa umeinuka kana kwamba kuna kitu kinausukuma kutoka chini. Nilipiga magoti mbele yake. Kila alipovuta pumzi nilisikia sauti, kama upepo kwenye tundu la ufunguo.

Nimewahi kuogopa mambo mengi maishani. Nimeogopa nyoka, nimeogopa mafuriko ya Mto Sabaki, nimeogopa kufukuzwa kazi. Lakini hofu ya asubuhi ile sijapata kuiona tena. Haikuwa moyoni. Ilikuwa kwenye meno yangu mwenyewe.

Mke wangu alikuwa amemshika mabega. "Tumpeleke Kilifi," alisema, kisha akajijibu mwenyewe. "Lakini Kilifi tutamkuta nani? Yule wa Malindi alikwenda likizo hata kabla ya Krismasi. Huyu wa Kilifi atakuwa kazini leo, siku ya pili ya sikukuu?"

"Hakuna mtu huko," mama yangu akamuunga mkono. "Mtamchosha mtoto juani kwa safari ya bure. Ngojeni watu warudi kazini. Mimi naenda kutafuta mtunguja."

Kila mtu akaniangalia mimi, msomi, baba wa mtoto, niseme. Nilifungua mdomo. Uongo niliousema kwa sababu ya kiti kimoja na mlio wa vyuma ulikuwa umesimama mlangoni, umezuia njia, na hakuna aliyeuona isipokuwa mimi na mtoto.

Na mtoto akasema. Alijitahidi mpaka mishipa ya uso ikamtoka. Maneno yalitoka mazito, kama ya mtu aliyejaza ugali mdomoni, lakini niliyasikia yote. Alikuwa akiniangalia mimi.

"Daktari... amekwenda... likizo."

Alikuwa akinisaidia. Hivyo ndivyo nilivyoelewa, na nilielewa pia kidole kile mdomoni siku mbili nyuma. Haukuwa mchezo. Alikuwa ameficha maumivu yake siku zote zile kwa sababu angesema linauma, wangeuliza kuhusu daktari, na wangeuliza kuhusu daktari, baba yake angeumbuka.

"Hakwenda likizo," nikasema.

Mke wangu hakuelewa. "Nani?"

"Daktari. Alikuwepo. Tuliitwa, mimi nikamtoa mtoto. Niliogopa. Mimi ndiye niliyeogopa, si yeye."

Nilingoja anipige, au anitukane mbele ya mama yangu. Hakufanya hivyo. Alijifunga leso kiunoni, akamnyanyua mtoto akiwa ameketi vilevile, kichwa mbele. "Tafuta chochote chenye magurudumu," alisema.

Siku ya pili ya Krismasi hakuna gari Ganze. Nilichukua baiskeli ya ndugu yangu. Tulimketisha mtoto kwenye kiti, mama yake akamshika kwa upande mmoja, mimi nikasukuma huku nimemshika kwa mkono mwingine. Barabara ilikuwa ya mchanga na jua lilikuwa limeshapanda. Sikuwa nikiangalia njia. Nilikuwa nikisikiliza ule upepo kwenye tundu la ufunguo. Ulipokuwa ukichelewa, nami nilishindwa kuvuta pumzi yangu. Harufu ya grisi ya mnyororo ilikuwa ikinipanda puani njia nzima, na kwa mara ya kwanza tangu utotoni ulimi wangu haukurudi nyuma.

Tulikutana na lori la maji, lile linaloleta maji bara, likirudi tupu. Dereva alisimama akicheka. Alikuwa na kofia ya karatasi ya sikukuu kichwani.

"Vipi, bwana, Krismasi imewashinda mpaka baiskeli inasukumwa?"

Kisha akamwona mtoto. Akaivua ile kofia. "Pandeni mbele. Mama, mwache akae hivyohivyo, usimlaze." Mpaka Kilifi, kila penye shimo alipunguza mwendo na kumtazama kwa pembe ya jicho, kisha akakanyaga mafuta tena.

Hospitalini, muuguzi alimtazama mara moja tu na akaanza kukimbia. Sijasahau hilo. Unapomwona muuguzi anakimbia, unajua. Wakamwita daktari wa meno nyumbani kwake. Alikuwepo. Alikuja na kandambili, punje ya wali imekwama kwenye shati, akanawa mikono huku akiuliza maswali.

"Jino lilianza lini?"

"Mapema mwezi huu," mke wangu akajibu.

"Na hamkumpeleka popote?"

"Nilimpeleka," nikasema. "Kisha nikamrudisha."

Alinitazama, lakini hakuwa na nafasi ya kunikemea. "Huyu ana usaha chini ya ulimi. Lazima nikate sasa hivi hapa chini ya taya, kabla njia ya hewa haijaziba. Nitamdunga ganzi, lakini haitashika yote. Nataka mtu mmoja amshike kichwa asitikisike hata kidogo. Baba, ukihisi utaanguka, toka sasa."

"Siendi popote."

Basi nilikishika kile kichwa. Mimi. Mikono yangu ilikaa palepale ambapo mikono ya watu ilikaa kwangu miaka ile, juu ya masikio. Alinitazama kutoka chini, macho yamejaa, na nilijua anachoona: uso wa mtu aliyemshikilia ili aumizwe. Nilitaka kufumba macho. Nikajizuia, maana yeye hakuwa akifumba. Kisu kilipoingia alitetemeka mwili mzima na akatoa sauti ambayo haikuwa neno. Kisha usaha ukatoka, mwingi, wenye harufu ambayo hadi sasa siwezi kuieleza, ukachuruzika mpaka viganjani mwangu. Na baada ya muda ule upepo kwenye tundu la ufunguo ukaanza kuwa mzito, ukawa pumzi.

Mke wangu alikuwa nje ya mlango. Nilipotoka alinusa mikono yangu tu, akaelewa, akaketi sakafuni.

Jino lenyewe lilitolewa siku chache baadaye, uvimbe ulipopungua. Tulikaa wodini mpaka mwaka mpya. Siku alipoweza kusema vizuri tulikuwa wawili, mama yake amekwenda kufua.

"Mama amejua?" aliniuliza.

"Amejua."

"Mimi sikusema."

"Najua hukusema. Nilisema mimi."

Nilidhani atafurahi kwamba siri imemwondokea. Badala yake aligeuza uso ukutani, na nikaona mabega yanatikisika. Alikuwa ameitunza siri ile mpaka karibu imuue, nami niliitoa kwa sentensi moja. Nilimshika mguu juu ya shuka, hakuuondoa, lakini hakugeuka.

Nami niliketi kwenye kile kiti cha daktari mwaka huo mpya, wakanitoa meno mawili. Iliuma kama nilivyojua itauma, na ilikwisha. Nyumbani kwangu, kila Desemba, mtoto hali mabuyu bila kusukutua, na anayesema jino linauma anapelekwa siku hiyohiyo, hata kama mbuzi yuko jikoni. Wajukuu hunikimbia wakiniona nimeshika mswaki. Wananiita askari wa meno. Sijali.

Binti yangu ni mtu mzima sasa. Chini ya taya ana kovu kama kipande cha uzi, analificha kwa mtandio, anapocheka linaonekana. Ananipenda, hilo silitilii shaka. Hunitumia nguo, hunisalimu kwa simu kila asubuhi. Lakini kuna jambo moja. Krismasi iliyopita alikuja na mtoto wake mwenye jino la kulegea, akaniuliza kama daktari wa hapa mjini yupo kazini wakati wa sikukuu.

"Yupo," nikamwambia. "Nilipita pale jana, mlango uko wazi."

"Sawa, Baba," alisema kwa upole.

Kisha akavaa viatu, akatoka kwenda kuangalia mwenyewe.